Eyam: kijiji cha Uingereza kilichojifungia na tauni, na njia za miguu zinazokufikisha huko

#1 Boksi la Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, heri ya Jumapili.

Uzi huu nauandikia hasa sisi wabeba boksi tulioko Uingereza, ingawa wa nyumbani mnakaribishwa. Wengi wetu nchi hii tunaijua kwa njia ya kazini, njia ya nyumbani, duka la vyakula vya Kiafrika, na kanisani au msikitini. Mtu anakula miaka kumi Birmingham, ukimuuliza vijijini kwao kukoje anakwambia amekuona dirishani akiwa kwenye treni ya London. Ikifika likizo anakopa nauli ya Dubai akapige picha na ghorofa.

Leo nawapeleka Eyam. Inatamkwa "Iim", msije mkamuuliza dereva wa basi "Eyamu" akawakodolea macho. Ni kijiji cha watu elfu moja hivi, Derbyshire, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyoanzishwa 1951. Ukisikia hifadhi ya taifa usifikirie Mikumi. Huku ndani ya hifadhi watu wamejenga, wanalima, wana shule na baa, na ardhi sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi. Kinachohifadhiwa ni sura ya nchi yenyewe: kuta za mawe, malisho, milima mifupi, vijiji visivyoruhusiwa kuvimba ovyo.

Mimi naanzia Sheffield. Panda treni ya kwenda Manchester ile inayosimama vituo vyote, siyo ya haraka. Ukishapita Dore inaingia shimoni, Totley Tunnel, karibu kilomita 6 chini ya mlima, shimo lililochimbwa miaka ya 1880 na 1890. Ukitokeza upande wa pili uko Grindleford. Dakika kumi na tano tu, na mji umekatika kabisa: hakuna vibanda vya pembeni, hakuna "viwanja vinauzwa", hakuna fremu zinazosubiri mpangaji. Msitu, mto, kondoo. Mara ya kwanza nilidhani nimeshuka kituo kilichofungwa.

Kutoka hapo kuna barabara ya magari, lakini sikushauri. Shuka hadi mto Derwent, vuka daraja la kijijini Grindleford, kisha ushike njia ya miguu inayopanda kilima. Ukifika juu unaona bonde lote, halafu unateremka kuingia Eyam kwa upande wa nyuma. Saa mbili hivi kwa mwendo wa kupiga stori. Panda taratibu, pale kuna mwinuko wa kukukumbusha umri wako.

Nitaendelea. Napasha chai.

#2 Kahawa Chungu

Nimeshakaa siti ya mbele. Mkuu, picha ziko wapi? Uzi bila picha ni tetesi.

#3 Mama Wawili

Endelea kaka. Mimi niko Leicester mwaka wa nne huu, sijawahi kukanyaga shamba la Uingereza. Niliogopa kupigwa risasi kwa kuingia eneo la mtu.

#4 Boksi la Kaskazini

Picha zimegoma kupanda, nitajaribu baadaye.

Dada Mama Wawili, umegusa penyewe. Hilo la "eneo la mtu" ndilo linalotuzuia wengi, na ndilo lililonishangaza kuliko kijiji chenyewe. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, na nyingi zinakatiza katikati ya mashamba ya watu. Zingine zinapita uani kabisa, kati ya nyumba ya mkulima na zizi lake, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia. Hizo njia ni za zamani: watu walizipita kwenda kanisani, machimbo ya madini ya risasi, kinu cha unga, soko. Njia ikishahesabiwa kuwa ya umma inabaki ya umma, shamba liuzwe mara ngapi. Halmashauri inatunza ramani rasmi, na mkulima akipanda ngano juu ya njia anatakiwa airudishe ionekane.

Utaitambuaje? Tafuta kigingi au geti lenye mshale. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu tu. Wa bluu, hata farasi na baiskeli wanapita. Ukikuta ukuta, usigeuze; angalia vizuri, utaona ngazi za mawe zilizochomekwa ukutani au upenyo mwembamba ambao mtu anapita na kondoo hapiti (mwenye kitambi na yeye ana mtihani wake pale). Ukikuta geti limefungwa, lifunge ukishapita. Ukilikuta wazi, liache wazi, huenda mkulima ameliacha makusudi mifugo ikanywe maji. Hiyo ndiyo adabu kuu ya huko, na ukiikosea hutasamehewa hata ukisalimia kwa Kiingereza cha BBC.

Sasa msidhani haya walipewa kwa upendo. Milima ya juu, ile isiyo na miti yenye kichaka kifupi cha heather, ilikuwa imefungwa na mabwana wakubwa kwa ajili ya kuwinda ndege wanaoitwa grouse. Chini yake, Manchester na Sheffield, kulikuwa na watu wanaovuta moshi wa viwanda wiki nzima na Jumapili hawana pa kupumulia. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia kadhaa, mbele yao fundi mmoja wa miaka 20 aitwaye Benny Rothman, walitoka kijiji cha Hayfield wakapanda Kinder Scout bila ruhusa. Walinzi wakawakabili kwa fimbo, wakavutana. Watano walifungwa jela. Hukumu ile iliwakera hata watu waliokuwa hawajali mambo ya kutembea. Sheria ya hifadhi ikaja 1949, na mwaka 2000 ikaja nyingine iliyowapa watu haki ya kutembea popote kwenye milima na nyika zilizoainishwa, hata nje ya njia.

Kwa hiyo ukivuka ule ukuta na viatu vyako vya bei rahisi vya Primark, hujaomba fadhila ya mtu.

#5 Mtoto wa Kibosho

Nimegugo hiyo Kinder Scout. Mita 636! Wakuu hicho ndicho kilele cha Peak District nzima? Moshi mjini, pale stendi, tuko juu zaidi ya hapo. Walifungwa jela kwa kupanda tuta?

#6 Boksi la Kaskazini

Hahaha, Mchaga haachi. Tuta hilohilo lina kikosi cha uokoaji cha kujitolea na hakikosi kazi. Ukungu unashuka ghafla, upande wa juu ni tope jeusi lisilo na alama, mvua inapigwa na upepo inakuja ubavuni. Hutakufa kwa kukosa hewa kama Kibo, utaishiwa joto mwilini huku unaona taa za mji. Ukipata shida piga 999, omba polisi, halafu waambie unataka waokoaji wa milimani. Wengi wanaomba ambulensi na ambulensi haina pa kupita.

#7 Njoro ya Leeds

Wadau, mimi Mkenya, niko Leeds. Hii ya njia imeniuma kidogo. Watu haohao walipokuja kwetu wakachukua mashamba ya Rift Valley na Laikipia, walituachia Trespass Act, sheria ya kumshtaki anayeingia ardhi ya mtu bila ruhusa, na mpaka leo iko vitabuni. Njia za mababu zetu za kupeleka ng'ombe majini hawakuzichora kwenye ramani yoyote. Kwao wanatunza njia ya kwenda kanisani ya miaka mia tano, kwetu waya wa umeme. Sisemi zaidi.

#8 Mzee wa Takwimu

Njoro umemaliza. Hiyo ni mada ya uzi wake. Mleta uzi, tauni iko wapi? Kichwa kimesema tauni.

#9 Boksi la Kaskazini

Njoro, sina cha kukupinga. Hata huku zile kuta nzuri za mawe tunazozipiga picha, nyingi zilijengwa wakati malisho ya pamoja ya wanakijiji yalipogawiwa kwa sheria za bunge, hasa karne ya 18 na 19, na maskini akabaki na njia tu. Walianza na watu wao.

Haya, tauni.

Mwaka 1665 London inazika watu kwa maelfu. Eyam iko mbali, mwendo wa siku nyingi kwa farasi. Mwisho wa kiangazi likaja furushi la nguo kutoka London kwa mshonaji wa kijijini. Inasimuliwa kwamba nguo zilikuwa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akazianika mbele ya moto, na viroboto waliokuwemo wakapata uhai. Alizikwa tarehe 7 Septemba. Wakafuata wa nyumba ileile, kisha majirani. Baridi ilipokuja vifo vikapungua, watu wakashukuru. Joto liliporudi 1666 na ugonjwa ukarudi nao, na wenye uwezo wakaanza kufunga mizigo.

Mchungaji wa kanisa la Kianglikana, William Mompesson, alikuwa kijana ambaye hajafika miaka 30, mgeni pale, na kijiji kilikuwa hakijamkubali. Waliyempenda alikuwa aliyemtangulia, Thomas Stanley, aliyeondolewa madarakani kwa kukataa utaratibu wa ibada ulioamriwa na serikali mwaka 1662. Wale wawili walikuwa kambi mbili, kwa siasa za wakati ule hawakupaswa hata kusimama jukwaa moja. Juni 1666 walisimama pamoja. Wakawaambia watu: asitoke mtu nje ya mpaka wa kijiji. Kanisa litafungwa, ibada itakuwa bondeni, mahali paitwapo Cucklet Delf, kila familia isimame mbali na nyingine. Na kila familia izike wafu wake yenyewe, karibu na nyumbani, mapema iwezekanavyo.

Bwana mkubwa wa Chatsworth, Earl wa Devonshire, alikubali kuleta chakula hadi mpakani. Vijiji jirani navyo vilileta vitu, vikaviacha. Njiani kuelekea kijiji cha Stoney Middleton kuna jiwe kubwa lenye matundu sita. Wanakijiji walitia sarafu matundu yale pamoja na siki, wakiamini siki inaua sumu ya ugonjwa. Jirani anakuja baadaye, anachukua hela, anaacha mkate. Jiwe liko palepale, katikati ya malisho, halina uzio wala mlinzi. Kingo za matundu zimelainika kwa vidole vya watu. Upande wa pili, kaskazini, kuna chemchemi inayoitwa Mompesson's Well iliyofanya kazi hiyohiyo. Ukija kwa njia niliyoeleza unaweza kuipitia kabla ya kijiji.

Kuna mama mmoja, Elizabeth Hancock. Agosti 1666, ndani ya siku nane, alimzika mumewe na watoto sita. Peke yake, maana hakuna wa kumsaidia na hairuhusiwi. Makaburi yanaitwa Riley Graves, yako nje ya kijiji kwenye mteremko, yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe na kondoo wanakula nje yake. Kutoka pale unaona Stoney Middleton kwa macho. Yaani alikuwa anachimba huku anaona moshi wa majiko ya watu wasiougua.

Mwezi huohuo mke wa mchungaji, Catherine, naye akafa. Kaburi lake liko uani kwa kanisa, karibu na msalaba wa mawe wa karne ya 8 ambao ulikuwepo kabla ya kanisa lenyewe.

Novemba 1666 ikaisha. Walikufa watu wapatao 260. Vijiji vya jirani vilipona.

#10 Kahawa Chungu

Mkuu umetupa madini. Siku nane watu saba? Huyo mama alikuwa anakula nini.

#11 Mzee wa Takwimu

Hadithi nzuri, lakini niruhusu niitie maji.

Mosi, wenye mali walishaondoka kabla ya hiyo "tujifungie". Waliobaki wengi ni wachimba madini na wakulima wadogo ambao hawakuwa na pa kwenda. Hakuna mji ungempokea mtu anayetoka Eyam. Pili, Mompesson huyohuyo aliwatoa watoto wake wawili mapema, wakapelekwa kwa ndugu nje. Tatu, kama ugonjwa ni wa panya na viroboto, kuwafungia watu pamoja na panya wao ni kuwaua. Tuite ushujaa au tuite amri ya wakubwa kwa wanyonge?

#12 Boksi la Kaskazini

Mzee, hayo ya mosi na pili ni kweli, na pale kwenye makumbusho ya kijiji hawayafichi. Mimi la watoto silihesabu kuwa doa sana. Alimsihi na mkewe aondoke nao, mke akakataa. Aliyebaki kuzika watu wa kijiji kizima akiwa ameshawatoa watoto wake, namwelewa kuliko yule aliyeondoka mwenyewe. Ila ungekuwa wewe mchimba madini mwenye watoto watano, ukasikia wa mchungaji wako salama, usingelala vizuri.

La tatu lina jibu la kisayansi. Mwaka 2016 watafiti walichambua rejista ya maziko ya Eyam, nani alikufa lini na aliishi nyumba gani, wakakadiria kwamba karibu robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa mtu hadi mtu, iwe kwa kikohozi au kwa viroboto na chawa wa mwilini. Kwa hiyo kusimama mbalimbali bondeni na kuacha kukusanyika mazikoni huenda kulisaidia hata ndani ya kijiji. Walifanya hivyo miaka zaidi ya 200 kabla hajaja mtu wa kukiona kijidudu chenyewe. Hicho mtafiti Yersin alikigundua Hong Kong mwaka 1894.

#13 Mshambaa wa Soni

Nimesoma kimya mpaka hapo. Wengi humu mnaongea tauni kama habari ya vitabu. Sisi wa Lushoto tunaijua. Ilianza kwetu mwaka 1980 ikawa inarudi karibu kila mwaka hadi kwenye miaka ya 2000. Mimi nilikuwa mdogo. Tulikatazwa kulala chini, tukaambiwa ukikuta panya amekufa ndani usimshike, katoe taarifa. Wataalamu wa panya wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, walikuwa wanakuja kuweka mitego. Mtu akivimba tezi za mapajani au kwapani anakimbizwa hospitali, na dawa zipo, siyo kama hao wa 1666. Ila dawa inahitaji ufike mapema, na milima yetu mnaijua.

Tulipojifunza kuogopa hatukuogopa ugonjwa tu. Ukishuka Mombo watu wanakuuliza umetoka kijiji gani.

#14 Boksi la Kaskazini

Mshambaa, heshima kwako. Hilo la Mombo ndilo lililompata Mompesson pia. Inasimuliwa alipohamishiwa parokia nyingine, Eakring, watu walimkatalia kuingia kijijini, akakaa kwanza kwenye kibanda nje.

#15 Mama Wawili

Na sasa hivi kijiji kikoje? Kina watu au kimebaki makumbusho?

#16 Boksi la Kaskazini

Kina watu, tena wenye hela. Hapa ndipo akili ya Kibongo inapopinduka. Kwetu aliyebaki kijijini ndiye anayeombewa. Huku nyumba ya mawe yenye maua mlangoni, dari fupi na ngazi za kuvunja shingo, wanaigombania madaktari wastaafu na watu wanaofanya kazi Sheffield au Manchester. Kijana aliyezaliwa pale mara nyingi hawezi kununua palepale. Wakulima wapo, wa kondoo na ng'ombe, lakini mtaa mkuu wote unaweza kuupita usione jembe.

Zile nyumba za 1665 zipo mstari mmoja karibu na kanisa, na zinakaliwa. Mbele ya kila moja kuna ubao wa kijani wenye majina ya waliofia humo. Moja inaitwa Rose Cottage: familia ya Thorpe, watu tisa, wote. Nyuma ya ubao kuna dirisha, na ndani mtu anaangalia mpira. Sikujua nisimame wapi. Nilisoma haraka nikasogea, maana ni sebule ya mtu.

Kanisa linafunguliwa, ingia. Juu ya mlango mmoja kwa nje kuna saa kubwa ya jua ya mwaka 1775, bado inaonyesha, siku jua likijitokeza. Makumbusho ni madogo ila yamepangwa vizuri, hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo angalia tovuti yao kabla. Mwisho wa Agosti ndio msimu wa kwenda: Jumapili ya mwisho wanafanya ibada ya kumbukumbu kulekule Cucklet Delf, na siku hizohizo wanapamba visima. Wanachukua mbao kubwa, wanakandika udongo wa mfinyanzi, halafu wanachora picha nzima kwa petali za maua, moja moja, kama mtu anayeshona shanga. Picha inakaa siku chache inanyauka. Vijiji vingi vya Derbyshire vina desturi hii na kila kijiji kina tarehe yake.

Vitu vidogo: mayai yanauzwa barabarani, sanduku na kopo la hela, muuzaji hayupo. Kibanda chekundu cha simu ukikikuta usishangae hakina simu. Kampuni ya simu ya BT ilikuwa inawauzia wanakijiji kwa pauni 1, vingi vimewekwa mashine ya kushtua moyo au vitabu vya kuazimana.

#17 Njoro ya Leeds

Mayai bila muuzaji. Sawa.

Swali la kweli bro: ukiingia baa ya kijijini mtu mweusi peke yako, muziki haukatiki?

#18 Boksi la Kaskazini

Hakuna muziki wa kukatika, baa nyingi za vijijini zina kimya na mbwa. Watakutazama sekunde moja zaidi ya kawaida, sitadanganya. Utakuwa mweusi pekee, labda wa siku nzima. Ila njiani ni kinyume na mjini: mjini ukimsalimia mtu anakimbia, huku usipomsalimia wewe ndiye wa ajabu. Kila unayepishana naye anakusalimia. Ukitaka maongezi marefu sifia mbwa wake. Nimeshapewa historia ya upasuaji wa goti ya mzee nisiyemjua kwa kumsifia mbwa.

Nimewahi pia kuulizwa "umepotea?" na mtu mwenye ramani shingoni, kwa sauti ambayo haikuwa ya msaada. Nikamjibu hapana, nikamwonyesha mshale wa njano. Yupo wa aina hiyo, msijesema sikuwaambia.

#19 Bint Malindi

Asalaam alaykum wana uzi. Mie niko Coventry, asili Unguja. Nataka kuja na wanangu na mama, mama magoti hayamruhusu kupanda milima. Na chakula je? Sisi hatuli kila kitu.

#20 Boksi la Kaskazini

Waalaykum salaam dada. Mama asipande kilima. Kuna basi linatoka Sheffield hadi kijijini penyewe, ila ni machache, Jumapili ndiyo kabisa. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya kuangalia ya kwenda. Ukiwa na gari kuna maegesho na choo cha umma mkabala na makumbusho. Kanisa na nyumba za tauni ni mwendo wa kikongwe. Jiwe la matundu ni kama dakika ishirini kwenye njia ya malisho, mama anaweza kubaki kwenye mgahawa.

Chakula: baa kawaida zina sahani za wasiokula nyama, siku hizi ni jambo la kawaida kabisa. Ila chunga chipsi na samaki. Huku kaskazini maduka mengi ya chipsi yanakaangia mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kihalali, na hawatakuambia usipouliza. Uliza "mnakaangia mafuta gani?" Wala hawaoni vibaya, wengine wanajisifia. Bora zaidi beba chapati zako na chupa ya chai, ukae ukutani. Nusu ya Waingereza unaowaona wanafanya hivyohivyo na sandwichi zao.

#21 Bint Malindi

Ahsante kaka yangu, Mungu akuzidishie. Chapati ziko tayari.

#22 Kahawa Chungu

Mkuu, bado hujagusa habari ya mavazi na wanyama wakali.

#23 Boksi la Kaskazini

Viatu vyenye meno chini, siyo raba nyeupe. Koti la mvua la kweli, hata Julai. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, namba OL24 ndiyo ya upande huu, maana simu mabondeni hukosa mtandao. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, uwe umeshateremka saa tisa. Juni kuna mwanga hadi karibu saa nne usiku, ndio wakati wa kufaidi. Suruali ndefu, kwa sababu ya kupe kwenye nyasi na mmea wa nettle unaowasha pembezoni mwa njia.

Mnyama ni ng'ombe. Msicheke. Ng'ombe mwenye ndama akiona mbwa anakuja kwa kasi, na kila baada ya muda mtu hufa Uingereza kwa kukanyagwa hivyo. Wapite mbali, usipite kati ya mama na ndama. Kama una mbwa na ng'ombe wanakuja, achia kamba. Mbwa atawashinda mbio, wewe hutawashinda. Kwa kondoo ni kinyume, mbwa asitoke kwenye kamba kabisa, hasa Aprili wakati wa wanakondoo, mkulima ana haki ya kumpiga risasi.

#24 Mtoto wa Kibosho

Kwa hiyo Mama Wawili alikuwa sahihi kuhusu risasi, ila ni za mbwa.

#25 Mama Wawili

Nimecheka peke yangu kwenye basi. Kaka Boksi, Jumamosi niko likizo. Nikija Sheffield asubuhi kuna wa kuongozana naye? Na mvua je?

#26 Njoro ya Leeds

Mimi niko ndani. Naleta chai ya maziwa, ya kwetu, siyo ile yenu ya rangi.

#27 Boksi la Kaskazini

Itanyesha, usijipe moyo. Tukutane Sheffield stesheni saa tatu kamili chini ya ubao wa treni. Bint Malindi, sisi tutakuja kwa kilima, nyinyi mje na gari, tuonane kanisani saa sita na nusu. Chapati za ziada zinakaribishwa.